Shilingi ya Kismayu na shilingi ya kompyuta

Mfanyabiashara wa Lamu au Mombasa anayenunua kamba koche na papa mkavu kutoka Chovae, Koyama na visiwa vingine vya Wabajuni anaweza kushika fedha za aina nne kwa siku moja: noti za shilingi ya Somalia, dola za karatasi, dola zilizo ndani ya simu na shilingi ya Kenya. Akiwa ufukweni hazimsumbui, kwani kichwani anajua kila moja ina thamani gani. Taabu huanza jioni, anapofungua kompyuta na kuingiza mauzo katika programu ya uhasibu.

Programu humwuliza sarafu. Anatafuta Somalia katika orodha, anaona msimbo SOS, anabonyeza. Programu nyingi za siku hizi huvuta kiwango cha kubadilisha fedha zenyewe kutoka intaneti, naye hushukuru kwa kupunguziwa kazi. Kumbe hapo ndipo penye mtego. Kwa miaka mingi viwango vya intaneti vimekuwa vikionyesha dola moja kuwa sawa na shilingi za Somalia zisizofika 600, ilhali sokoni dola hiyo hiyo imekuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20,000.

Tuseme umeuza mchele Kismayu ukapokea shilingi 2,000,000 taslimu, na sokoni siku hiyo dola ni 25,000. Una dola 80 mkononi. Programu iliyojivutia kiwango cha 571 itakuandikia zaidi ya dola 3,500. Kosa hilo likijirudia wiki nzima, daftari litakuonyesha tajiri, utaagiza mzigo mwingine kwa fedha usizokuwa nazo, na mhasibu wako Mombasa atakokotoa kodi ya faida ambayo haikupata kuwapo.

Pengo hili lina historia. Benki Kuu ya Somalia iliporomoka pamoja na serikali mwaka 1991, na tangu hapo noti zilizochapishwa na watu binafsi na tawala za mikoa zikaingia sokoni bila mdhibiti. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilisema kwamba takriban asilimia 98 ya noti za shilingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa bandia. Hata hivyo watu waliendelea kuzitumia, na noti ya 1,000 ndiyo iliyobaki kuwa ya kazi. Thamani yake huamuliwa na wabadilishaji fedha wa sokoni, na hao hawatumi taarifa kwa tovuti yoyote.

Dawa ni kutoitumia SOS iliyomo katika orodha. Unda sarafu yako mwenyewe. TallyPrime na Odoo huruhusu hivyo, na QuickBooks ya kwenye kompyuta nayo huruhusu. Ile ya mtandaoni hukufunga ndani ya orodha yake. Ipe jina lisilo na utata, kwa mfano Shilingi ya Kismayu taslimu. Msimbo uwe wako, usiogongana na wa nchi yoyote. Ukidaiwa herufi tatu, anza na X, herufi ambayo mfumo wa kimataifa wa misimbo ya fedha umeitenga kwa vitu visivyo vya taifa moja, kama dhahabu. Sarafu yenye msimbo usiojulikana haitafutiwi kiwango intaneti. Kiwango chake utakiingiza kwa mkono, na hilo ndilo unalolitaka.

Wenzetu wa Hargeisa wamelazimika kufanya hivyo siku zote, kwa kuwa shilingi ya Somaliland, iliyoanzishwa mwaka 1994, haina msimbo wa kimataifa kabisa.

Alama nayo isiwe Sh tupu. Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia zote zina shilingi, na ankara yenye Sh 500,000 inaweza kumaanisha mzigo wa maelfu ya dola au bei ya samaki wa kitoweo.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao umewatoa wengi jasho. Baadhi ya programu huuliza dola moja ni shilingi ngapi; nyingine hugeuza swali na kutaka shilingi moja ni dola ngapi. Kwa kiwango cha 25,000, shilingi moja ni dola 0.00004. Programu inayohifadhi tarakimu nne tu baada ya nukta itaandika 0.0000, na mauzo yako yote ya Kismayu yatakuwa na thamani ya sifuri. Njia nyepesi ni kuifanya noti ya 1,000 iwe ndiyo kipimo cha sarafu yako, kwani hata sokoni watu huhesabu noti. Noti moja inakuwa dola 0.04, na zile shilingi 2,000,000 zinaandikwa noti 2,000. Weka desimali sifuri, maana hakuna atakayekupa nusu ya noti.

Sasa, je, dola ya simu nayo iundiwe sarafu yake? Wengi hufanya hivyo, na kwa maoni yangu wanajiongezea kazi bure. EVC Plus ya Hormuud huhifadhi dola, na salio la dola 100 ni dola 100. Hiyo ni akaunti nyingine ndani ya sarafu ile ile, kama vile M-Pesa na benki zilivyo akaunti mbili za shilingi ya Kenya. Kipimo ni hiki: vitu viwili vikibadilishana moja kwa moja, hata kama kuna ada, ni akaunti mbili, na ada iandikwe kama gharama. Bei kati yake ikipanda na kushuka, ni sarafu mbili, hata kama zina jina moja. Kwa hiyo noti ya dola iliyochakaa, ambayo mbadilishaji huipokea kwa punguzo, haihitaji sarafu yake. Punguzo lile ni gharama.

Kabla ya kuwasha sehemu ya sarafu nyingi, amua sarafu ya msingi. Katika QuickBooks ukishaiwasha huwezi kuizima. Anayelipia mzigo kwa dola na kuuza kwa dola atasoma hali yake vizuri zaidi kwa dola, lakini ukiwa umesajiliwa Kenya, KRA huhesabu kodi kwa shilingi ya Kenya, na hapo nashauri shilingi hiyo iwe ya msingi.

Mikopo ndiyo huonyesha faida ya kazi hii yote. Umechukua kamba wa noti 25,000 kwa mali kauli, dola ikiwa 25,000. Deni ni dola 1,000. Ukija kulipa dola imefika 26,000, utatoa dola 961 na senti kidogo. Zile 38 zilizobaki si faida ya kamba. Programu iliyopangwa vizuri huziweka peke yake kama faida ya kubadilisha fedha, nawe huwezi kujidanganya kwamba kamba wanalipa kuliko walivyokuwa.

Kismayu imezoea kubadilishiwa fedha. Ilikuwa chini ya Waingereza na shilingi ya Afrika Mashariki hadi Jubaland ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925, ikaja lira. Mwaka 1941 shilingi ya Afrika Mashariki ikarudi, kisha somalo mwaka 1950 na shilingi ya Somalia mwaka 1962. Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, mwaka ule ule ambao itifaki iliyosainiwa Kampala mwaka 2013 ilikuwa imelenga sarafu moja ya Jumuiya. Mwaka ukapita bila sarafu hiyo.

Kwa sasa, basi, kiwango ni cha kuandika kila siku ya biashara. Pamoja nacho andika tarehe, mji na mbadilishaji aliyekupa, katika sehemu ya maelezo ya muamala. Mkaguzi akikuuliza mwakani kwa nini dola yako ni 25,000 ilhali ya intaneti ni 571, utamfungulia ukurasa huo.