Chama Imara Hujengwa kwa Uongozi na Mipango

Wakulima wengi wa Bunda, Butiama na Musoma hulima pamba. Pamba ni kazi ya miezi mingi. Mkulima analima, anapanda, anapalilia, anapiga dawa na kuchuma. Baada ya kuchuma anaitenga pamba safi na pamba fifi. Kisha anaipeleka kwenye gulio la chama. Pale gulioni jasho la miezi yote hupimwa kwa dakika chache.

Vijiji viwili vinaweza kuwa na mvua ile ile, udongo ule ule na bei ile ile. Lakini chama cha kijiji kimoja kinastawi, na cha kijiji cha pili kinakufa. Kwa nini? Mara nyingi sababu ni mbili: uongozi na mipango.

Mambo yaliyotokea zamani

Kabla ya mwaka 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliuza pamba yao kwa wafanyabiashara. Walilalamika kwamba mizani iliwapunja. Mmoja wa viongozi waliowaunganisha alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, ambako leo ni Wilaya ya Bunda. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliunda muungano mkubwa ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions.

Viongozi hao walijua wanataka nini. Walitaka mizani ya haki. Walitaka vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Walitaka faida irudi kwa mkulima. Nao walikwenda hatua kwa hatua. Bomani mwenyewe alikwenda Uingereza kusomea mambo ya ushirika. Kufikia mwaka 1960 karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilipitia mikononi mwa vyama vya wakulima.

Baada ya Uhuru vyama viliongezeka haraka. Watu wenye ujuzi wa kuviendesha hawakuongezeka kwa haraka hiyo. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza. Kamati iliona kwamba wanachama wengi hawakujua haki zao. Watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Tena wanasiasa waliingilia kazi za vyama.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mazao yakanunuliwa na mashirika ya serikali. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama virudi. Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua pamba. Vyama vingi vilikuwa na madeni, na havikuweza kushindana nao.

Historia hii inatufundisha jambo moja. Umoja una nguvu, lakini umoja usio na uongozi mzuri na mipango haudumu.

Mipango ni nini?

Kupanga ni kujibu maswali matatu. Swali la kwanza: Tuko wapi sasa? Swali la pili: Tunataka kufika wapi? Swali la tatu: Tutapita njia gani, nani atafanya nini, na lini?

Mkulima anajua kupanga. Hangojei mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Chama nacho kifanye hivyo. Mbegu na dawa viagizwe kabla ya mvua. Mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu wa kuuza. Vitabu vya risiti na maturubai viwe tayari kabla pamba haijafika gulioni.

Mfano wa vyama viwili

Tuchukue mfano wa vyama viwili. Tuseme kila chama kinakusanya kilo 200,000 za pamba. Kila kilo inakipatia chama ushuru wa shilingi 30. Basi kila chama kinapata shilingi 6,000,000.

Chama cha kwanza kilipanga matumizi yake kwenye mkutano mkuu, hivi:

Mishahara ya karani na mlinzi: shilingi 2,400,000
Mizani, risiti na maturubai: shilingi 900,000
Mikutano na posho: shilingi 700,000
Ukaguzi wa hesabu: shilingi 500,000
Akiba: shilingi 1,500,000
Jumla: shilingi 6,000,000

Chama cha pili hakikupanga. Viongozi walisafiri mara kwa mara na kujilipa posho. Mwisho wa msimu safari na posho zilikuwa zimekula shilingi 2,600,000. Hiyo ni shilingi 1,900,000 zaidi ya zile za chama cha kwanza. Akiba yote ya shilingi 1,500,000 haikuwekwa. Shilingi 400,000 za kutengenezea mizani nazo zikaliwa.

Msimu uliofuata mizani ile mbovu ilitumika. Ilipunguza kilo 2 katika kila kilo 100. Jambo hili laonekana dogo. Lakini katika kilo 200,000, zilizopotea ni kilo 4,000. Kama bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, wakulima walipoteza shilingi 4,000,000. Shilingi 400,000 za mizani ziliwagharimu wanachama mara kumi.

Habari zilienea. Msimu wa tatu wakulima wengi walipeleka pamba yao mahali pengine. Chama kilipata kilo 120,000 tu, na ushuru ukawa shilingi 3,600,000. Baada ya kulipa karani na mlinzi zilibaki shilingi 1,200,000. Chama hakikuwa na akiba. Kikaanza kukopa. Hivyo ndivyo chama hufa: pole pole, kuanzia kwenye jambo dogo.

Kiongozi bora hufanya nini?

Kiongozi bora husikiliza wanachama kabla ya kuamua. Huwaambia ukweli, hata kama hesabu ni mbaya. Habari mbaya ikisemwa mapema, dawa hupatikana. Ikifichwa, huwa deni.

Kiongozi bora hagusi fedha peke yake. Mmoja aidhinishe, mwingine alipe, na wa tatu akague. Kufanya hivyo si kudharauliana. Hata mtu mwaminifu hulindwa na utaratibu mzuri, kwa sababu hakuna atakayemsingizia.

Kiongozi bora huwaandaa wengine. Chama kinachomtegemea mtu mmoja hutikisika siku akiugua au akiondoka.

Wajibu wa mwanachama

Ndugu msomaji, chama ni chako. Kiongozi hawezi kuwa bora ikiwa wanachama wamelala. Hudhuria mkutano mkuu. Soma mizani wewe mwenyewe wakati pamba yako inapimwa. Dai risiti, na hakikisha kilo zilizoandikwa ni zile ulizoziona. Hesabu zikisomwa, uliza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Zamani aliyejua kusoma alikuwa karani peke yake. Leo wewe nawe unasoma. Macho yako ni ukaguzi wa kwanza wa chama chako. Mafunzo haya yanafaa pia kwa kikundi cha wavuvi wa dagaa cha Musoma, au kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa.

Maswali ya kujadili

1. Kamati ya mwaka 1966 iliona makosa gani? Je, makosa hayo yapo katika chama chenu?
2. Chama cha pili kiliharibika kuanzia wapi? Nani angeweza kukizuia kisiharibike?
3. Mizani ikipunguza kilo 3 katika kila kilo 100, mkulima mwenye kilo 600 atapoteza kilo ngapi?
4. Andikeni mambo matatu ambayo chama chenu kifanye kabla ya msimu ujao. Andikeni nani atafanya, na lini.