Tarakilishi Kuukuu: Iongezewe Nguvu au Ibadilishwe?

Wahenga walinena kwamba ya kale ni dhahabu. Wahenga hao hao wakanena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwanafunzi ambaye tarakilishi yake ya mezani huchukua dakika kumi kuwaka, ilhali msimamizi anaisubiri sura ya tatu ya tasnifu, hujikuta katikati ya kauli hizi mbili. Fedha zilizosalia katika mkopo wa masomo hazina nafasi ya majaribio. Akiikarabati mashine isiyokarabatika, amezitupa. Akiitupa mashine iliyohitaji kipuri kimoja tu, hasara ni ile ile.

Yafaa ugonjwa utambuliwe kabla ya dawa kutafutwa. Aghalabu watu husema tarakilishi "imezeeka" kana kwamba uzee umeienea yote, kumbe kinachoikwamisha ni kiungo kimoja. Diski ni ghala la faili. Kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ni meza ya kazi. Kichakataji ndicho fundi mwenyewe. Meza ikiwa finyu, fundi hushinda akienda ghalani na kurudi. Ghala nalo likiwa diski ya sumaku, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika huku kichwa chake kikitafuta mahali pa kusoma, safari hizo huchosha. Katika Windows 10, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha ni nani aliyelemewa. Diski ikionyesha asilimia 100 huku kichakataji kikisinzia, fundi hana hatia.

Hapo ndipo ukarabati hulipa. Diski ya aina ya SSD haina sehemu inayozunguka, kwani data huhifadhiwa katika chipu, na hutoshea katika tarakilishi nyingi za mezani zenye soketi za SATA. Diski hiyo, pamoja na kumbukumbu kuongezwa kutoka GB 2 hadi GB 8, huigeuza mashine ya mwaka 2012 ikawa chombo cha kuandikia tasnifu bila kero. Lakini Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4. Anayeongeza kumbukumbu bila kuhamia mfumo wa biti 64 amenunua meza asiyoweza kuitandika.

Yapo pia maradhi madogo yanayojifanya makubwa. Tarakilishi ambayo kila ikizimwa husahau tarehe, na tovuti zikakataa kufunguka kwa sababu hiyo, huenda inahitaji tu betri ndogo ya duara ya CR2032. Inayojizima ovyo baada ya muda mfupi yamkini imejaa vumbi katika feni. Ni ajabu ni mashine ngapi hutupwa kwa sababu ya vumbi.

Ukarabati nao una mpaka, na mpaka huo ni ubao mkuu ambamo viungo vyote hupachikwa. Kumbukumbu za DDR2, DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti, hivyo ya aina moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Kichakataji vilevile huhitaji soketi yake. Mwenye kutamani kichakataji cha kisasa atalazimika kubadilisha ubao, ubao utadai kumbukumbu mpya, na pengine kitengo cha umeme nacho kishindwe. Kufikia hapo amenunua tarakilishi nyingine kwa vipande, kwa bei ya juu zaidi. Jumla ya vipuri ikipita nusu ya bei ya mashine iliyotumika lakini mpya zaidi, busara ni kuiacha.

Mpaka wa pili hauonekani kwa macho. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukiacha nyongeza ya muda kwa waliojiandikisha. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai angalau GB 4 za kumbukumbu, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa vichakataji vya Intel, kwa jumla kizazi cha nane au cha baadaye. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2012, hata ikitiwa SSD, haikubaliki rasmi huko.

Hata hivyo, mlango haujafungwa. Ubuntu, mfumo wa bure uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, hauna masharti hayo. Jina lake lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Programu ya LibreOffice humwezesha mtu kuandika kazi nzima, ingawa majedwali na nambari za kurasa huweza kusogea faili inapofunguliwa katika Word ya msimamizi. Anayetegemea programu ya takwimu iliyoundwa kwa ajili ya Windows pekee hatapata nafuu hapo. Huyo abadilishe mashine.

Anayekwenda kununua mashine ya mtumba, iwe katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwingineko, asiridhike na kauli ya muuzaji kwamba "hii ni i5". Nambari iliyoandikwa baada ya jina hilo ndiyo yenye siri: i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, ilhali i5-8500 ni ya kizazi cha nane. Mashine hizo mbili zaweza kufanana kwa kasha na rangi, na muuzaji akatoza bei karibu sawa. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kipakatalishi kina faida ya betri yake, japo vipuri vyake ni vigumu zaidi kubadilishwa.

Lolote litakaloamuliwa, tasnifu inakiliwe kwanza mahali pawili nje ya mashine hiyo, hasa ikiwa diski imeanza kutoa mlio wa kugongagonga. Diski ya zamani isipeanwe pamoja na kasha, kwa kuwa kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuondoi data yenyewe. Kama ingali nzima, itiwe katika kasha dogo la USB na kutumiwa kuhifadhia nakala. Mabaki mengine yapelekwe kwa wanaochakata taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre ya Nairobi.