Somo la Mawe: Maji ya Moto na Dhahabu

Mara iliyopita tulisoma habari za miamba geu, yaani mawe ya kale yaliyozikwa chini sana, yakabanwa na kuokwa hata yakageuka. Leo tutaona jinsi mawe hayo yanavyoweza kugeuka tena kwa maji ya moto, na kwa nini jambo hilo lakuhusu wewe ukaaye Matogoro, karibu na mji wa Songea.

Ukipanda milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, huenda ukaona jiwe jeupe gumu limepita kama mshipa ndani ya mwamba. Hilo ni kwatzi. Umesikia kwamba dhahabu hukaa katika kwatzi, na ni kweli. Lakini mishipa mingi ya kwatzi haina hata chembe. Mtu aweza kuuza mbuzi wake, akachimba mwaka mzima asipate kitu, na huku ameharibu chanzo cha maji. Basi kabla ya kushika sululu, litazame jiwe lililo kando ya ule weupe.

Kilometa 5 hata 10 chini ya ardhi hupita maji yenye joto la digrii 300 hivi. Hayawi mvuke kama ya birika, maana uzito wa mawe wayabana. Yamebeba hewa ya kaboni, salfa, na kwatzi iliyoyeyuka. Dhahabu nayo huyeyuka humo, kidogo sana, ikishikana na salfa. Salfa ndiye mchukuzi wake. Mwamba ukipasuka, maji hukimbilia katika ufa na kwatzi huganda humo. Mengine hupenya ukutani, na huko ndiko kwenye kazi kubwa.

Mwamba wa ukutani una chuma ndani ya madini yake meusi. Salfa ikikutana na chuma huiacha dhahabu, kama mchukuzi aliyeitwa na ndugu zake akautua mzigo wa watu njiani. Salfa na chuma hufanya pairiti, jiwe la manjano ling'aalo (limekwisha kuwadanganya wengi hilo!), na dhahabu hubaki papo hapo, mara nyingi ndani ya pairiti yenyewe, jicho lisiione.

Mfano ulio wazi uko Geita. Huko mna mwamba wenye matabaka ya chuma, wa zaidi ya miaka bilioni 2.6. Maji ya moto yalipopita katika nyufa zake, yalikigeuza chuma kile kuwa pairiti, dhahabu ikatua. Na huko Lupa, katika Chunya, ilikovumbuliwa dhahabu mwaka 1922, kwatzi ipo. Lakini mawe yaliyosagika na kugeuzwa kando yake nayo yana dhahabu. Afuataye weupe tu huenda akaiacha mali ukutani.

Sasa tembea kuelekea mshipani. Mbali, jiwe ni la kijivu au jeusi, gumu. Sogea: limeingia rangi ya kijani, kwa kuwa madini meusi yamepokea maji. Sogea tena: limepauka, limelainika, ulanga mdogo mdogo wang'aa kama hariri, na mna vijitundu vya kutu ilimokuwa pairiti kabla mvua haijaioza. Ukanda huo waweza kuwa wa inchi chache au wa mita nyingi. Lakini kwatzi ikikaa katika mwamba usiobadilika hata kidogo, yaelekea maji yake yalipita bila kuacha mzigo.

Jua na mvua pia hupausha mawe na kuyatia kutu. Kwa hiyo livunje, utazame ndani. Na hata ukiona dalili zote, hiyo bado si dhahabu. Jiwe lipimwe maabara, kwa mfano katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, huko Dodoma.

Kwa zoezi la juma hili, leteni darasani mawe matatu: moja jeupe, moja la kando yake, na moja la hatua 20 kutoka hapo. Yaandikeni namba, msiyachanganye.