Fahamu: Ndugu mwenye baipola anapokataa dawa

Baipola ni ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kati ya uchangamfu uliopita kiasi na sonona. Kipindi cha uchangamfu ndicho chenye ubishi mkubwa. Mgonjwa halali, anaongea bila kituo, yuko tayari kuuza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado mtini, hata kukata kipande cha kibanja cha ukoo, na anajiona mzima kuliko wote. Kukataa dawa hapo si jeuri. Mara nyingi ni ugonjwa wenyewe.

Kubishana naye ni kazi bure. Afadhali azungumze naye mtu anayemheshimu, shangazi au padri, na mazungumzo yaanzie kwenye kinachomkera mwenyewe, kama kukosa usingizi. Wengine hukimbia madhara ya dawa: lithiamu, kwa mfano, huweza kutetemesha mikono, na daktari anaweza kurekebisha dozi.

Akitishia kujiua au kudhuru wengine, mjadala umekwisha. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 inatambua kulazwa bila hiari. Asifungwe kamba, apelekwe hospitali mara moja: aliye Bukoba, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, aliye Muleba, iliyo karibu, kama Rubya.