Je, Wajua? Ruta Moja, Milango 65,535

Kila anwani ya intaneti ina milango 65,535 ya kupitishia data. Mafundi huiita poti. Haishikiki, ni namba tu. Namba 443, kwa mfano, hupitisha kurasa salama za tovuti.

Kwa kawaida ruta ya nyumbani humkatalia mgeni yeyote abishaye hodi kutoka nje. Mkulima wa Mpepai anayetaka kutazama, akiwa Songea, kamera inayolinda kahawa yake vichanjani huanza kwa kuipa kamera anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50. Kisha huiamuru ruta: anayebisha poti fulani apelekwe kwenye anwani hiyo.

Ajabu ni kwamba kwenye ruta ya laini ya simu, amri hiyo mara nyingi haifanyi kazi hata ikiandikwa sawasawa. Anwani za intaneti za mtindo wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na watu duniani wamepita bilioni 8. Basi wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya nje, na mgeni hukwama kwenye mitambo ya kampuni ya simu kabla ya kufika Mpepai. Dalili yake ni anwani ya nje ya ruta kuanzia 100.64 hadi 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa.

Mlango ukifunguka, wezi nao hubisha. Mwaka 2016, programu hasidi ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu. Nywila ibadilishwe kwanza, mlango ufunguliwe baadaye.