Mbio Fupi, Gharama Ndefu: Mafuta ya Pikipiki Birere (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuata safari ya pikipiki yenyewe, kutoka kiwandani India hadi kwenye maduka ya Birere, mtaa wetu wa Goma. Leo tunafuata mafuta yake. Swali ambalo motari (madereva wa pikipiki za abiria) wa Birere huulizana kila jioni ni lile lile: kwa nini fedha ya siku inaishia kwenye tangi? Jibu lina pande mbili. Bei ya lita hupangwa mbali na sisi: bandarini, barabarani, mipakani na kwenye soko la dola. Idadi ya lita tunazochoma hupangwa hapa hapa, na mkono wa kulia wa dereva. Upande wa kwanza hatuna nguvu nao. Upande wa pili tunao, na ndio ninaotaka msomaji auone kwa hesabu.

Lita inavyotufikia

Mafuta yanayoteremshwa pwani ya Atlantiki hulisha Kinshasa na magharibi ya nchi. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunategemea Bahari ya Hindi. Meli hushusha Mombasa au Dar es Salaam. Mombasa kuna bomba lililoanza kupeleka mafuta Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafikishwa Eldoret na Kisumu. Kutoka huko kazi ni ya malori: Malaba, Kampala, Katuna, Kigali, Rubavu, kisha Goma. Njia ya Dar es Salaam hupitia Rusumo na kukutana na hiyo nyingine Kigali. Kutoka Mombasa hadi Goma kwa barabara ni karibu kilomita 1,800.

Tupige hesabu ya mfano. Lori lililobeba lita 35,000 likisafiri njia yote hiyo kwa barabara, kwenda na kurudi ni kilomita 3,600. Likila wastani wa lita 45 za mazutu kwa kila kilomita 100, litakuwa limechoma zaidi ya lita 1,600. Yaani kwa kila lita 100 tunazoletewa, lita 4 au 5 zimeteketea ili hizo 100 zifike. Juu yake weka mshahara wa dereva, matairi, ushuru, siku za kusubiri mpakani na faida ya kila mfanyabiashara aliyeshika mzigo. Ndiyo maana bei ya Goma haiwezi kulingana na ya Mombasa hata siku ambayo dunia nzima imetulia.

Na dunia haitulii. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara, mafuta yaliadimika Uganda, Rwanda na hapa kwetu. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kwenye mpaka wa Kenya na Uganda kwa sababu ya vipimo vya Korona, na katika sehemu kadhaa za Uganda lita ikafika shilingi 10,000. Mwezi uliofuata Urusi iliivamia Ukraine, na mwezi Machi pipa la mafuta ghafi likapita dola 120. Juni mwaka huo huo Bunagana, mji ulio mpakani na Uganda, ilitwaliwa na waasi wa M23, na biashara ya mpaka ule ikavurugika. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoanzia Birere, lakini yote yalilipiwa Birere.

Kuna mzigo mwingine usioonekana barabarani. Mafuta hununuliwa kwa dola, abiria hulipa kwa franga. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu franga 2,000. Kufikia 2024 ilikuwa imepita 2,700. Tuseme lita ilimgharimu mwagizaji dola 1.20 katika nyakati zote mbili. Lita hiyo hiyo ingetoka franga 2,400 hadi 3,240, bila bei ya dunia kupanda hata senti moja. Motari anayetoza nauli ya zamani kwa kumwonea abiria huruma anakuwa amejipunguzia mshahara mwenyewe.

Tangu mji wa Goma ulipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, mambo yamezidi kubana. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, fedha taslimu ikawa ngumu kupatikana. Mtu wa Goma aliyetaka kwenda Kinshasa alilazimika kuvuka Rubavu, kushuka Kigali na kupanda ndege huko. Gharama ya safari ilipanda wakati ambapo mifuko ya abiria ilikuwa inapungua.

Mezani kwa kadhafi

Sehemu ya mwisho ya safari ya mafuta ni fupi kuliko zote, nayo ina gharama yake. Kando ya barabara kadhafi, yaani muuza petroli ya rejareja, amepanga chupa juu ya stuli: za maji za lita moja na nusu, chache za soda, zimejaa kitu cha manjano kinachong'aa juani. Pembeni kuna bidoni la lita 20 lililofunikwa gunia. Faneli yake ni kichwa cha chupa kilichokatwa, kimezibwa kitambaa cha kuchujia. Motari anasimama bila kushuka, ananyoosha noti, anamiminiwa na kuondoka. Hana muda wa kwenda kituoni, na mara nyingi asubuhi hana fedha ya kununua zaidi ya chupa moja.

Kadhafi anafanya kazi ya kweli: anamuuzia maskini kipimo anachokimudu. Ila anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila lita, na chupa isiyojaa mpaka shingoni haiitwi lita. Petroli iliyokaa juani nayo hupungua kwa kuvukiza, na iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu injini. Motari 5 wanaoaminiana wakichanga na kununua kituoni kwa pamoja kila asubuhi, tofauti hiyo inabaki mifukoni mwao.

Funzo kutoka mita 402

Sasa tuje upande wa pili, lita tunazochoma wenyewe. Marekani kuna mchezo wa mbio za magari ambao ni mfupi sana. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanafyatuka kwenye njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Chama chake kikubwa, NHRA, kilianzishwa California mwaka 1951 na Wally Parks. Wengi wanaoucheza ni mafundi na wafanyakazi wa kawaida wanaotumia fedha zao wenyewe. Mbio yenyewe kwa magari yao huisha ndani ya sekunde 10 hadi 15. Gharama yao kubwa ya mafuta haiko uwanjani. Iko kwenye gari linalovuta trela kutoka nyumbani hadi uwanjani na kurudi, mamia ya kilomita kwa ajili ya sekunde chache. Mafuta yakipanda, kinachomtoa mtu mchezoni ni safari, kabla hata taa ya kuanzia haijawaka.

Motari wa Birere anacheza mchezo huo bila kujiandikisha. Abiria akiinua mkono, pikipiki 3 zinafyatuka kumfuata. Anayefika kwanza anafunga breki. Wawili wengine wamechoma mafuta bure, wanarudi kusubiri. Na aliyempata abiria anafyatuka tena, anafunga breki kwenye shimo, anafyatuka, anafunga breki kwenye mkokoteni, mpaka Barrière Ndogo, kwenye kivuko cha kuingia Rwanda. Mbio nyingi za mita mia, siku nzima, na hakuna kombe.

Hesabu ya mbio hizo ni hii. Chukua pikipiki ya kilo 110, dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 70: jumla kilo 250. Kuitoa kwenye kusimama mpaka kilomita 30 kwa saa kunahitaji nishati ya karibu kilojuli 8.7. Kuifikisha kilomita 60 kwa saa kunahitaji karibu 34.7. Mwendo umezidishwa mara 2, nishati imezidi mara 4. Ndivyo maumbile yalivyo na hayajadiliwi. Lita moja ya petroli ina karibu kilojuli 32,000, lakini injini ndogo hufikisha kwenye gurudumu kama sehemu moja tu ya tano. Kwa hiyo kila kuondoka hadi 30 hula mililita 1.4 hivi, na kila kuondoka hadi 60 hula 5.4. Kisha breki moja inageuza mafuta hayo yote kuwa joto la bure.

Mililita 4 ni kidogo sana, lakini haba na haba hujaza kibaba, na vilevile hukimaliza. Anayesimama na kuondoka mara 200 kwa siku atatumia robo lita kwa mwendo wa taratibu, au zaidi ya lita nzima kwa pupa. Tofauti ni lita 0.8 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni lita 21 kwa mwezi, zaidi ya bidoni zima. Na katika vichochoro vya Birere, vyenye mawe ya lava na watu wengi, mwenye pupa hafiki mapema kwa zaidi ya dakika moja au mbili.

Hatari isiyo na bei

Hesabu ya fedha haitoshi bila hesabu ya uhai. Bei ikitarajiwa kupanda, watu huweka akiba ya petroli ndani ya nyumba. Birere ni nyumba za mbao zilizobanana, na moto umekwisha kuzila mara nyingi. Mji huu una kumbukumbu nzito zaidi: tarehe 21 Januari 2002, siku 4 baada ya Nyiragongo kulipuka, kituo cha mafuta kilichozingirwa na lava ya moto kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta. Akiba ya bidoni 2 chini ya kitanda cha watoto haiokoi faida ya mtu yeyote.

Basi nina maneno kwa watu watatu. Ndugu motari, panga foleni badala ya kukimbilia abiria, ondoka taratibu, na changeni kununua kituoni. Mwenye pikipiki, bei ya mafuta inapopanda punguza fedha ya kila siku unayodai, kwa sababu kijana unayembana ndiye atakayekimbiza pikipiki yako mpaka ife. Na wenye mamlaka juu ya barabara, kila shimo mnaloliacha ni breki na kuondoka upya, maelfu ya mara kwa siku, kwa mafuta yaliyosafiri kilomita 1,800. Jazeni mashimo ya Birere.

Sehemu ya tatu itahusu umeme: Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa lazima ziwe za betri, nasi tuna maji ya Rutshuru yanayozalisha umeme Matebe tangu 2015. Tutapima kama umeme huo unaweza kumfaa motari wa Birere.