Nilivyoifuta sauti ya baba kwa ajili ya Mbaraka

JUMAMOSI nyumbani kwangu ina ratiba yake, mpenzi msomaji. Mama watoto anakwenda sokoni, watoto wanafua, na mimi nikishamaliza chai na kiporo cha jana natoa meza yangu ndogo barazani na kuanza kazi ambayo haijawahi kuniingizia hata shilingi. Natengeneza kanda. Ndiyo, zile kanda za redio kaseti, hujasoma vibaya.

Wanaume wa mtaa huu kila mmoja ana ugonjwa wake. Yuko anayefuga njiwa, yuko wa bao, na yuko jirani yangu mmoja ambaye kila asubuhi anaosha gari ambalo halijatembea tangu mwaka 2019. Mimi nina kanda mia mbili na kitu. Nyingine zimeshika ukungu, nyingine zimekatika, nyingine kile kisponji kinachousukuma mkanda uguse hedi kimebanduka na kupotelea kusikojulikana. Vifaa vyangu ni bisibisi ndogo, wembe, selotepu, pamba, spiriti na kalamu ya Bic, ambayo utadhani aliyeibuni alikuwa anafikiria kuzungusha kanda na si kuandika. Kanda yenye skrubu haina taabu. Ile iliyogandishwa kiwandani ndiyo unaipasua taratibu kwa wembe, halafu unahamishia mkanda kwenye gamba la kanda nyingine. Mkanda wenyewe upana wake haufiki hata milimeta 4, na kanda ya saa moja ina mkanda wa meta 90 hivi. Ukikurupuka, meta zote hizo ziko chini barazani na kuku anazikanyaga. Imeshanitokea.

Mama watoto anasema nyumba hii ina makabati mawili, moja la vyombo na moja la takataka za baba. Huwa namjibu kwamba Philips walizitoa kanda hizi mwaka 1963, mwaka ule ule lilipoundwa kanisa letu la KKKT, kwa hiyo ni rika moja na aziheshimu. Anaguna tu.

Ndani ya kabati langu Marijani Rajab amekaa ubavuni mwa kwaya za Krismasi, na Morogoro Jazz wanagusana na mahubiri. Wapo wazee wa usharika wanaoona haya mambo hayakai pamoja. Mmoja aliwahi kunikuta nasikiliza dansi, akaniuliza kama Jumapili ile besi yangu ingetoka salama. Ilitoka. Naijua raha ya kusimama mstari wa nyuma kabisa, umeshika nota moja umetulia, wakati soprano wanahangaika huko juu. Na naijua raha ya gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Sijaona bado mahali raha hizo mbili zinapogombana. Kinachonigombanisha mimi ni kinanda cha umeme cha kanisani, maana kijana akishakifungulia ngoma zake, sisi besi tunafumbua midomo tu kama samaki.

Basi bwana, kijana wangu wa pili ana miaka 19. Anaimba tena kwenye kwaya ya vijana, sauti safi, siyo kwa sababu ni mwanangu. Lakini kwa miezi mitatu amekuwa haonekani mazoezini. Yuko chumbani na kompyuta ya kuungaunga, hedifoni masikioni, anatengeneza kile wanachokiita biti. Kuja kula mpaka aitwe mara nne. Juzijuzi akaniambia, kwa adabu zote, kwamba anaomba kuacha kwaya.

Nilipandisha. Nikamwambia babu yako alikuwa mwalimu wa kwaya, mimi niko kwenye kwaya mpaka leo, wewe unataka kutuletea nini? Akanyamaza, akarudi chumbani. Mama watoto akaniangalia kwa lile jicho lake.

Jumamosi iliyofuata nikavuta kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Nililipata mwaka juzi mama alipofariki. Tulipogawana vitu vyake huko kwetu Usambara, hakuna aliyelitaka. Nilijua kilichomo, na kwa miaka miwili sikulifungua.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Kinanda hakuwa nacho, alifundisha kwa do re mi za ubaoni, kila sauti peke yake, besi mwisho. Desemba 1977 alipita mgeni mmoja wa kanisa mwenye redio kaseti. Akairekodi kwaya mazoezini, kisha akamwachia baba ile kanda. Humo alikuwemo shangazi yangu, mdogo wake baba, akiongoza wimbo mmoja. Agosti 1978 shangazi akafariki katika uzazi. Baba akaichukua kanda, akakivunja kwa kisu kile kipande kidogo cha plastiki cha mgongoni. Anayezijua kanda anaelewa. Ukikivunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Alikivunja mbele yetu sote, akasema sasa imefungwa.

Januari 1979 Mbaraka akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa. Nilikuwa na miaka 14. Redioni ilikuwa vita vya Kagera asubuhi na jioni, na katikati ya habari za vita wakawa wanapiga nyimbo zake. Siku hizo stesheni ni moja tu, RTD. Wimbo ukipita umepita, hujui utausikia tena lini. Mjomba aliyekuwa akifanya kazi Tanga alikuwa ametuletea redio kaseti, lakini kanda tupu ungeipata wapi kijijini? Nyumbani kulikuwa na kanda moja. Upande wa pili ulikuwa na mahubiri ya mchungaji, na huo, Mungu anisamehe, niliuogopa. Nikachana karatasi ya daftari la hesabu, nikaikunja, nikaichomeka kwenye lile tundu alilolivunja baba. Redio ikakubali.

Miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto. Lakini mtoto asiyejua anachofanya hakunji karatasi.

Ilipofika Agosti, kwaya ikajiandaa kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa shangazi. Baba akabeba redio mpaka kanisani ili wausikie jinsi alivyouongoza ule wimbo. Mume wa shangazi alikuwa amekaa mbele. Baba akabonyeza. Likatoka gitaa. Vijana wa nyuma wakacheka. Baba hakuzima upesi. Alisimama ameinamisha kichwa, kama mtu anayetegemea kwamba gitaa litapita na dada yake atafuata. Kisha akazima, akaitia kanda kwenye mfuko wa koti, akaandika nota ubaoni, akaanza na soprano.

Usiku akanionyesha lile tundu. “Karatasi hii umeiweka wewe?” Nikasema ndiyo, baba. Nikangoja fimbo. Akanipa kanda mkononi. “Basi hii ni yako.” Hatukuizungumza tena mpaka alipofariki mwaka 1996. Kanda nikaitia kwenye kopo la mama na sikuisikiliza hata siku moja. Nikajiunga na kwaya mwezi ule ule. Watu hudhani nilirithi.

Jumamosi hiyo, basi, niko barazani nafuta ukungu wa kanda hiyo kwa pamba. Karatasi bado imo. Hesabu za kugawanya zinasomeka kabisa, na moja nimekosa. Kijana akatoka nje kutafuta chaja yake, akaniona, akakaa kwenye ndoo. “Baba, mbona unatetemeka mikono?” Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote, mama watoto akiwemo, naye alikuwa anasikiliza dirishani.

Akauliza kama kompyuta haiwezi kuitoa ile sauti ya chini. Nikamwambia haiwezi. Mkanda unapita kwanza kwenye hedi ya kufuta ndipo unafika ya kurekodi. Kilichopita hapo kimekwisha.

Tukaiwasha tu. Mbaraka akaimba, mtangazaji akakatizwa katikati ya neno, Mbaraka tena, mawimbi ya redio yakipanda na kushuka. Kama dakika ya 25 hivi ukasikika mlio wa kitufe, pale nilipozima mwaka 1979. Nilinyosha mkono nizime. Kijana akanishika.

Mvua juu ya bati. Benchi linaburuzwa. Halafu baba, karibu kabisa na maiki, na ile sauti yake ya kuchoka: “Besi, tena.” Akakohoa. Besi wakaimba mistari miwili, mmoja wao yuko nje ya sauti, na mkanda ukaisha. Haikufika dakika moja. Shangazi hayumo.

Tumeirudisha nyuma mara sita. Mimi nasema anawaambia besi warudie. Kijana anabisha, anasema babu anaziita sauti mbili, besi na tena, zije pamoja. Mama watoto amekuja kusikiliza na yeye, akakataa kuamua.

Kijana ameshaihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Ameniuliza kama anaweza kuitumia sauti ya babu kwenye biti yake. Wiki mbili zilizopita ningemfukuza na ndoo yake. Nimemwambia anipe muda. Kuhusu kwaya hatujasema kitu. Mazoezi ni leo saa kumi jioni, na sijamuuliza kama anakuja.

Ile karatasi nimeitoa. Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha Mwimbieni Bwana, na tundu liko wazi kama alivyoliacha baba.